Uongozi wa Pamoja na Uongozi wa Mtu Mmoja katika Chama cha Kikomunisti cha Uchina

Neno "uongozi" katika Kiswahili lina siri moja: halitaji idadi. Tusomapo gazetini ya kuwa "uongozi umeamua", hatuambiwi kama walioamua ni mtu mmoja chumbani mwake, au watu tisa waliozunguka meza, au mkutano wa watu elfu mbili. Ndivyo yalivyo mengi ya maneno ya U- yatokanayo na vitendo: hutaja kazi au hali, wala hayahesabu watendaji. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halidhuru. Lakini katika nchi yenye chama kimoja, mahali ambapo hapana chama cha pili cha kuuliza maswali, tofauti baina ya mtu mmoja na watu tisa aghalabu ndiyo kinga pekee iliyobaki kati ya raia na kosa la mtawala.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi uongozi wa pamoja ulivyogeuka kuwa uongozi wa mtu mmoja katika Chama cha Kikomunisti cha Uchina, tangu ulipowekwa kuwa kanuni mwaka 1980 hata ulipofikia hali yake ya mwaka 2023. Tumeichagua Uchina kwa sababu mbili. Kwanza, huko badiliko hili limetokea mara mbili, na baina ya mara hizo mbili watu waliketi wakatunga kanuni za kulizuia lisirudi. Kwa hiyo twaweza kutazama si maradhi tu, bali na dawa, na sababu ya dawa kutofaa. Pili, mambo ya Chama kile hayako mbali nasi. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking ilianza kusikika Septemba 1961. Na mwezi wa Februari 2022 kilifunguliwa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, chuo cha uongozi kilichopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, kilichojengwa kwa msaada wa Chama hicho kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania uhuru katika nchi za kusini mwa Afrika. Ashirikianaye na mwenziwe katika elimu ya uongozi, yampasa kujua mwenziwe amepitia nini.

Neno tutakalolitetea ni hili: kanuni za uongozi wa pamoja za Uchina hazikubomolewa. Nyingi zingali zimeandikwa pale pale zilipoandikwa. Zilitolewa roho, mwili ukaachwa umesimama. Na hilo liliwezekana kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa ahadi ya wazee wenye nguvu, wala hazikuwa sheria yenye mwamuzi.

I. Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na msamiati, kwa kuwa katika Chama hiki maneno hupimwa kama dhahabu, na badiliko la neno moja katika tangazo hutangulia badiliko la mambo.

Wachina huuita uongozi wa pamoja jiti lingdao. Ji ni kukusanya, ti ni mwili. Jiti basi ni mwili uliokusanywa kutokana na wengi. Kinyume chake huitwa yiyantang, yaani ukumbi wa sauti moja, mahali ambapo asemalo mkubwa limepita na wengine huitikia tu. Maneno haya mawili yamekuwa yakipambanishwa katika maandishi ya Chama kwa miaka mingi.

Neno la tatu ni banzhang, kiongozi wa kikosi kidogo cha askari. Mao Zedong alilitumia Machi 1949, miezi michache kabla ya kutangazwa Jamhuri, alipowaeleza makatibu wa kamati za Chama namna ya kufanya kazi: katibu na awe banzhang mwema. Mfano huu una maana. Kiongozi wa kikosi naye ni askari. Huhesabiwa pamoja na wenziwe, na akianguka mwingine hushika mahali pake.

Neno la nne ni hexin. He ni kokwa ya tunda, na xin ni moyo. Mfasiri atakayelipa neno hili tafsiri ya "kiini" atakuwa amepata maana ya kamusi, lakini yampasa akumbuke picha iliyomo. Kokwa haihesabiwi pamoja na nyama ya tunda. Nyama imeizunguka kokwa, nayo hupata umbo lake kwa kuizunguka. Historia tutakayoisimulia yaweza kufupishwa kuwa ni safari ya kutoka banzhang hata hexin.

Kuna na msingi mmoja wa Chama unaoyashika maneno haya yote, nao ni minzhu jizhong zhi, utaratibu uunganishao demokrasia na ukusanyaji wa madaraka katikati. Kwa utaratibu huu wachache huwafuata wengi, wa chini huwafuata wa juu, na wote huifuata Halmashauri Kuu. Ndani ya kamati, katibu ana kura moja kama wenziwe. Nusu ya kwanza ya jina hilo huwapa watu wengi sauti, nusu ya pili huikusanya sauti hiyo mahali pamoja. Jina halisemi nusu ipi iwe nzito. Hilo limeachwa kwa wenye kulitumia.

II. Fundisho la zama za Mao

Si kweli kwamba Mao hakujua uongozi wa pamoja ni nini. Mwezi wa Septemba 1948 yeye mwenyewe aliandika waraka wa kuimarisha kamati za Chama, akasema kamati ndiyo njia ya kulinda uongozi wa pamoja na kuzuia mtu mmoja asiyatie mambo yote mkononi mwake. Lakini wakati huo yeye mwenyewe alikwisha kupewa, kwa uamuzi wa Halmashauri ya Siasa wa Machi 1943, haki ya kutoa neno la mwisho katika Sekretarieti ya watu watatu. Mwaka 1945 fikra zake ziliingizwa katika katiba ya Chama.

Mwaka 1956, baada ya Khrushchev kuyafichua makosa ya Stalin mwezi wa Februari huko Moscow, Mkutano Mkuu wa Nane wa Chama cha Uchina uliliondoa jina la Mao katika ibara hiyo ya katiba. Ilidhaniwa kuwa uongozi wa pamoja umeimarika. Miaka mitatu baadaye dhana hiyo ilipimwa. Katika Julai 1959, viongozi walipokutana Lushan, Peng Dehuai, Waziri wa Ulinzi, alimwandikia Mao barua ya kueleza madhara ya kampeni iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele. Barua hiyo ilikuwa ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, yenye adabu. Mao aliigawa kwa wajumbe wote, kisha akaishambulia. Wajumbe ambao wengi wao waliyajua mambo yaliyoandikwa kuwa ni kweli walimpigia kura ya kumhukumu Peng, naye akaondolewa katika uwaziri.

Yafaa tukae kidogo juu ya mkutano huu, maana ndio ufunguo wa mengine. Kamati ilikuwapo Lushan. Ilikaa, ikasikiliza, ikapiga kura. Hakuna utaratibu uliokosekana. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kusema ndiyo au siyo bila ya kuitafutia riziki yake mahali pengine. Baada ya mkutano kampeni iliongezwa kasi mahali pa kupunguzwa, na njaa iliyofuata hata mwaka 1961 iliua mamilioni ya watu. Makadirio ya wataalamu hutofautiana, kuanzia milioni 15 hadi milioni 45. Hata tukishika la chini kabisa, ni msiba ambao mfano wake ni haba katika historia ya wanadamu. Hii ndiyo bei ya barua moja isiyosomwa kwa nia njema.

Yaliyosalia ya zama hizo tutayapitia upesi. Mapinduzi ya Utamaduni yalianza 1966 yakaisha na kufa kwa Mao, tarehe 9 Septemba 1976. Liu Shaoqi, aliyekuwa Rais wa Jamhuri, alifia kizuizini Kaifeng mwezi wa Novemba 1969. Lin Biao, aliyetajwa kuwa mrithi ndani ya katiba ya Chama ya mwaka huo huo, alikufa Septemba 1971 ndege yake ilipoanguka katika Mongolia akiikimbia nchi. Mrithi aliyeandikwa katika katiba hakuwa salama kuliko yule asiyeandikwa.

III. Dawa iliyotungwa, 1980 hata 1982

Waliosalimika na zama hizo walirudi katika madaraka wakiwa na makovu. Deng Xiaoping mwenyewe alikuwa ameangushwa mara mbili. Kwa hiyo kanuni walizotunga hazikutoka vitabuni. Zilitoka katika maisha yao.

Februari 1980 Halmashauri Kuu ilitoa kanuni za maisha ya kisiasa ndani ya Chama, ikasisitiza uongozi wa pamoja na kupinga mtu mmoja kujiamulia. Tarehe 18 Agosti mwaka ule ule Deng aliieleza Halmashauri ya Siasa juu ya utaratibu wa uongozi wa Chama na dola. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba makosa ya zamani hayakutokana na fikra na tabia za viongozi peke yake, bali zaidi na utaratibu: utaratibu mzuri huwafunga wabaya mikono, na utaratibu mbovu huwazuia hata wema wasitende mema, tena waweza kuwapotosha. Alitaja kasoro za kulimbikiza madaraka, za mtindo wa baba mwenye nyumba asiyeulizwa, na za vyeo vya maisha.

Juni 1981 Chama kilitoa azimio la historia yake, kikahukumu makosa ya Mao bila ya kumkana. Mkutano Mkuu wa Septemba 1982 uliondoa cheo cha Mwenyekiti wa Chama, ukamwacha Katibu Mkuu, na katiba mpya ya Chama ikakataza kila namna ya kumtukuza mtu. Tarehe 4 Desemba 1982 ikapitishwa katiba ya nchi, ambayo ilisema kwamba Rais, makamu wake, Waziri Mkuu na mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge wasishike madaraka zaidi ya vipindi viwili mfululizo, na kipindi ni miaka 5.

Mtu akizisoma kanuni hizi zote pamoja, ataona ua uliojengwa kwa uangalifu. Lakini na autazame tena. Katika Uchina nguvu za kweli zimekaa katika vyeo vitatu: Katibu Mkuu wa Chama, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, na Rais wa Jamhuri. Mpaka wa vipindi viwili uliwekwa kwa Rais, ambaye katika watatu hao ndiye mwenye madaraka machache kabisa. Katibu Mkuu hakuwekewa mpaka, wala mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi. Ua ulijengwa mbele ya dirisha, mlango ukaachwa.

Kwa nini? Kwa sababu Deng mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, toka Juni 1981 hata Novemba 1989, wala hakuwa Katibu Mkuu wala Rais.

IV. Wazee nyuma ya pazia

Hapa twafikia jambo ambalo wengi wausifuo utaratibu wa Deng hulisahau. Uongozi wa pamoja uliwekwa na mtu mmoja. Ulilindwa na mtu huyo pamoja na wazee wenziwe, nao ulikuwa na nguvu kwa kadiri walivyotaka uwe nazo.

Januari 1987 Hu Yaobang, Katibu Mkuu, alilazimika kujiuzulu baada ya kulaumiwa siku kadhaa katika kikao kilichohudhuriwa na wazee, nje ya utaratibu ambao katiba ya Chama iliuweka wa kumchagua au kumwondoa. Mwaka huo huo Deng alitoka katika Kamati ya Kudumu ya Halmashauri ya Siasa, lakini ikaamuliwa kwa siri kwamba mambo makubwa yaendelee kupelekwa kwake. Watu waliijua siri hiyo tarehe 16 Mei 1989, pale Zhao Ziyang, Katibu Mkuu aliyemfuata Hu, alipomwambia Gorbachev mbele ya waandishi wa habari. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Zhao, zilizochapishwa mwaka 2009 baada ya kufa kwake, siku iliyofuata uamuzi wa kuiweka Beijing chini ya amri ya jeshi ulifikiwa nyumbani kwa Deng, bila ya kura rasmi ya Kamati ya Kudumu. Mwezi uliofuata Zhao naye akaondolewa.

Ni katika mwezi huo wa Juni 1989 ambapo neno hexin lilipewa cheo. Deng alieleza kwamba kila kizazi cha viongozi chahitaji kiini: Mao alikuwa kiini cha kizazi cha kwanza, yeye mwenyewe cha pili, na Jiang Zemin yampasa awe cha tatu. Aliyeandika dawa ndiye aliyeacha pia, katika chupa ile ile, mbegu ya maradhi. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Huenda aliona kuwa kamati isiyo na mtu wa katikati itapasuka, kama ilivyopasuka Mei 1989. Lakini kanuni na kiini haviwezi kuwa vikubwa vyote viwili. Siku vikigongana, kimoja lazima kipishe.

V. Miaka ya desturi

Deng alikufa tarehe 19 Februari 1997. Kuanzia wakati wake wa mwisho hata mwaka 2012, Uchina iliishi kwa desturi. Twasema desturi, si sheria, maana mengi ya mambo yaliyowazuia viongozi hayakuandikwa popote.

Mfano ulio bora ni umri wa kustaafu. Mwaka 1997 ilikubaliwa kwamba aliyepita miaka 70 apumzike. Qiao Shi, mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge, aliyekuwa na miaka 72, akaondoka. Jiang Zemin, aliyekuwa na miaka 71, akabaki. Mwaka 2002 mpaka ulishuka: mwenye 67 aweza kukaa, mwenye 68 aende. Li Ruihuan, aliyekuwa na 68, akaenda. Msomaji ataona kwamba kanuni iliumbwa kila mara kwa kipimo cha mtu aliyetakiwa kuondoka. Hata hivyo desturi ikirudiwa hupata uzito wake. Baada ya kutumika mara tatu, nne, watu waliipanga maisha yao juu yake, na wachunguzi wa nje wakaihesabu kuwa ni katiba ya pili ya Uchina.

Kilele cha desturi kilikuwa zama za Hu Jintao, 2002 hadi 2012. Kamati ya Kudumu ilikuwa na watu tisa, kila mmoja na eneo lake: mmoja uchumi, mmoja polisi na mahakama, mmoja habari na itikadi, na kadhalika. Hu hakuitwa kiini hata mara moja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri hiyo mtawala aliingia kwa zamu na kutoka kwa zamu, naye mwaka 2012 aliviachia pamoja cheo cha Katibu Mkuu na cha Tume ya Kijeshi, jambo ambalo Jiang hakulifanya. Yeye aliishika Tume hata Septemba 2004.

Haki yatutaka tuseme kwamba zama hizo zilikuwa na kasoro kubwa, na watetezi wa mabadiliko yaliyofuata hawakuzizua. Watu wa pwani husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wachina nao wana msemo wa majoka tisa watawalao maji: kila joka lashika mto wake, na mvua hainyeshi. Kila mmoja wa tisa alilinda eneo lake, wenziwe wasimguse, naye asiwaguse. Rushwa ilikua chini ya kivuli hicho. Zhou Yongkang, aliyesimamia polisi na mahakama katika Kamati ile ya tisa, alihukumiwa kifungo cha maisha Juni 2015 kwa rushwa na makosa mengine. Na kisa cha Bo Xilai, aliyeondolewa katika ukatibu wa Chama wa Chongqing Machi 2012, kiliwaonyesha viongozi wote kwamba mapatano yao yalikuwa membamba. Haja ya mkono wenye nguvu zaidi ilisemwa ndani ya Chama kabla Xi Jinping hajashika hatamu. Swali halikuwa kama madaraka yakusanywe, bali yakusanywe kiasi gani na nani atayarudisha.

VI. Hatua kwa hatua, 2012 hata 2023

Tarehe 15 Novemba 2012 Xi Jinping alipata siku moja ukatibu mkuu na uenyekiti wa Tume ya Kijeshi, na Kamati ya Kudumu ikapunguzwa toka watu tisa hata saba. Kila hatua iliyofuata, ikitazamwa peke yake, ilikuwa ndogo na yenye sababu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzihamisha kazi. Tangu mwisho wa 2013 viliundwa vikundi vya uongozi vya kusimamia mageuzi na mambo mengine, na Xi akawa mkuu wa vile vikubwa. Machi 2018 baadhi yake vikapandishwa kuwa tume. Kamati ya Kudumu haikunyang'anywa neno. Kazi zilipita njia nyingine kabla ya kuifikia. Hatua ya pili ilikuwa kampeni dhidi ya rushwa, ambayo ilisafisha mengi yaliyostahili kusafishwa, na papo hapo ikamfundisha kila kiongozi kwamba faili lake lipo.

Hatua ya tatu ilikuwa neno. Oktoba 2016 kikao kamili cha Halmashauri Kuu kilimwita Xi hexin. Kikao hicho hicho kilipitisha kanuni mpya za maisha ya kisiasa ndani ya Chama, na ndani yake imeandikwa kwamba uongozi wa pamoja lazima udumishwe. Maneno yote mawili yalitoka katika kikao kimoja, na hakuna aliyesimama kusema kwamba yapingana. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, fikra za Xi ziliandikwa kwa jina lake katika katiba ya Chama, naye angali hai tena madarakani, heshima ambayo kabla yake ilimfikia Mao peke yake. Mwezi huo huo Halmashauri ya Siasa iliamua kwamba wajumbe wake watoe kila mwaka taarifa ya kazi zao kwa maandishi kwa Halmashauri Kuu na kwa Katibu Mkuu. Mwanahalmashauri anayemwandikia mwenziwe taarifa ya kazi hakuwa tena askari wa kikosi kimoja na banzhang wake. Amekuwa mtumishi aandikaye kwa bwana.

Hatua ya nne ndiyo iliyosikika duniani, ingawa ilikuwa nyepesi kuliko zote. Tarehe 11 Machi 2018 Bunge liliondoa katika katiba ya nchi mpaka wa vipindi viwili vya Rais. Kura za kukubali zilikuwa 2,958, za kukataa 2, na waliojizuia 3. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba vyeo vitatu vya juu vipatane, kwa kuwa viwili havikuwa na mpaka. Angalia hoja ilivyo: pengo lililoachwa mwaka 1982 ndilo lililotumiwa kuuondoa ua wenyewe. Wangeweza kuvipatanisha vyeo vitatu kwa kuwawekea wote mpaka. Walivipatanisha kwa kuuondoa.

Yaliyobaki yalikuwa ni kutimiza. Novemba 2021 Chama kilitoa azimio la tatu la historia yake, baada ya yale ya 1945 na 1981. Oktoba 2022 Xi, akiwa na miaka 69, alianza kipindi cha tatu cha ukatibu mkuu. Li Keqiang na Wang Yang, wenye miaka 67 kila mmoja, ambao kwa desturi wangaliweza kubaki, waliondoka. Na jenerali Zhang Youxia, mwenye 72, alibaki katika Halmashauri ya Siasa. Desturi ya umri ilikufa hivyo bila ya tangazo, kama ilivyozaliwa. Tarehe 10 Machi 2023 Bunge lilimchagua Xi kuwa Rais kwa mara ya tatu kwa kura 2,952, bila ya hata moja ya kukataa.

VII. Kilichopotea

Yafaa sasa tuulize kilichopotea ni nini, kwa kuwa si wote waonao hasara katika mabadiliko haya. Watetezi wake husema kwamba maamuzi yamekuwa mepesi, jeshi limetiiwa na Chama, na rushwa imepigwa. Hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kamati haikuwekwa kwa ajili ya wepesi. Iliwekwa kwa ajili ya mambo mawili ambayo mtu mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kujifanyia mwenyewe.

La kwanza ni kurithishana. Mtu mmoja hawezi kumtaja mrithi bila ya kujipunguzia nguvu, wala kutomtaja bila ya kuiweka nchi hatarini. Liu Shaoqi na Lin Biao ni ushahidi wa upande mmoja. Hu Yaobang na Zhao Ziyang ni ushahidi kwamba hata chini ya Deng mambo hayakuwa bora sana. Ni mara moja tu, mwaka 2012, ambapo madaraka yote ya Chama na jeshi yalipokezwa kwa siku moja bila ya mtu kuanguka. Desturi iliyoliwezesha jambo hilo ndiyo iliyozikwa.

La pili ni kujisahihisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hawezi kuliona kosa lililo mgongoni mwake. Mwisho wa mwaka 2022 sera ya kuzuia kabisa ugonjwa wa Uviko, ambayo ilihusishwa na jina la Katibu Mkuu mwenyewe, ililegezwa ghafula baada ya maandamano ya Novemba katika miji kadhaa. Hatulinganishi na njaa ya 1959. Mambo hayo hayalingani. Twasema tu kwamba swali ni lile lile la Lushan: nani ndani ya chumba angaliweza kusema mapema, na kwa usalama gani?

Tamati

Mafundisho ya kisa hiki si kwamba kanuni hazina kazi. Ni kwamba kanuni isiyo na mwamuzi hukaa kwa hisani ya yule inayemfunga. Katika Uchina hapakuwa na mahakama ya kumwambia Deng kwamba kikao cha Januari 1987 hakikuwa halali, wala ya kumuuliza mtu mwaka 2016 jinsi kiini na uongozi wa pamoja vitakavyokaa katika nyumba moja. Nchi nyingine zenye chama kimoja zilifika njia panda kama hiyo. Tanzania yenyewe iliandika mpaka wa vipindi viwili vya urais katika katiba mwaka 1984, chama kikiwa bado kimoja, na mwaka uliofuata Rais wa kwanza akang'atuka. Lakini hata hapo mpaka ulithibitika kwa sababu waliofuata nao waliuheshimu, mmoja baada ya mwingine.

Kwa sisi tushughulikao na lugha, liko jukumu dogo lituhusulo. Tufasiripo au tuandikapo habari za dola yoyote, tusiridhike na "uongozi umeamua", wala na "imeamuliwa". Tuulize ni nani aliyeamua, walikuwa wangapi, na kama kulikuwa na mmoja aliyeweza kusema hapana akarudi nyumbani salama. Sarufi yetu yaturuhusu kulificha jibu. Haituamuru.